CHATU ASIHUKUMIWE KWA UVUMI

Kila kiangazi kinapofika na nyasi za Handeni na Korogwe zikakauka, wakulima wa huko huchoma vichaka ili kutayarisha mashamba. Moto huo humtoa chatu katika maficho yake. Akishaonekana, hukumu yake huwa imekwisha kukatwa: mapanga, mishale, mawe na kelele. Mzoga hunyoshwa njiani, urefu wake hupimwa kwa hatua, kila msimulizi akiongeza hatua moja ya kwake, kisha ngozi huenda upande mmoja na mafuta upande mwingine. Twasema kwamba jambo hili halifai kuendelea. Tunawaomba wasomaji wetu wa visiwani, pamoja na maofisa wa Serikali wa pande zote mbili za Muungano, watusikilize kabla ya kutucheka.

Huenda mtu akauliza: Mzanzibari ana nini na nyoka wa Handeni? Anayo mengi. Ng'ombe na mbuzi tunaowachinja siku za Idi wengi wao wamevuka bahari kutoka bara. Mahindi tunayosaga na makaa tunayopikia vivyo hivyo. Kichaka kinapokatwa huko ili gunia la makaa lije kushushwa kwetu, aliyekuwa akiishi ndani ya kichaka hicho naye hupoteza nyumba. Na ipo sababu nyingine kubwa zaidi, inayomhusu mnyama ambaye sisi wenyewe tulikuwa naye na leo hatunaye. Tutaifikia.

Kwanza nchi yenyewe. Handeni ni nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi, mifugo na vichaka vya miiba, ambako mvua zikikosea msimu mmoja njaa hubisha hodi. Korogwe iko chini ya milima ya Usambara, imepitiwa na mto Pangani, nayo imejulikana duniani kwa katani. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilitoka katika mkoa wa Tanga. Baadaye soko la kamba likavunjwa na nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yakaachwa. Pale palipoachwa na mkonge pakaota vichaka. Vichaka vikamleta ndezi na pimbi. Na ndezi akamleta chatu. Mtu anayeshangaa kumkuta chatu karibu na kambi za zamani za manamba asishangae, kwa kuwa chatu hufuata riziki kama alivyoifuata manamba mwenyewe.

Chatu ndiye nyoka mkubwa kuliko wote katika Afrika. Wataalamu wa siku hizi huwagawa chatu wakubwa wa bara hili katika aina mbili, wa kaskazini na wa kusini, na Tanzania ni moja ya nchi ambamo aina hizo mbili hukaribiana. Chatu mzima kwa kawaida huwa na urefu wa mita tatu hadi tano. Anayepita mita sita ni nadra sana, ingawa kwenye baraza za kahawa hakuna chatu aliyewahi kuwa chini ya kumi. Hana sumu. Meno yake ni mengi, makali, yamepinda kuelekea kooni, na kazi yake ni kushika tu. Karibu na mwanzo wa mkia ana kucha mbili ndogo, alama ya miguu waliyokuwa nayo wahenga wake zamani mno. Kwenye midomo ana vijishimo vinavyohisi joto, hivyo katika giza la usiku humtambua paa au kanga kwa joto la mwili wake, hata kama jicho halioni kitu.

Yeye si mkimbizaji. Hulala kimya kando ya njia ya wanyama, karibu na maji, akajifananisha na majani makavu, akangoja. Anaweza kungoja siku nyingi. Mnyama akipita humrukia, humshika kwa meno, na papo hapo humviringa. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba chatu humvunja mnyama mifupa, au humnyima pumzi mpaka afe. Mwaka 2015 wanasayansi wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima jambo hilo kwa nyoka wa jamii ya waviringaji, wakaona kwamba anachokata hasa ni mwendo wa damu. Mbano ukishakaza, moyo wa mnyama hushindwa kusukuma damu, na fahamu humtoka upesi sana. Wala chatu hatengui taya zake amezapo, kama inavyosimuliwa. Mifupa miwili ya taya la chini haikuungana mbele kama yetu, bali imefungwa kwa kano zinazovutika, basi kila upande hutembea peke yake juu ya mnyama kama mtu avaaye soksi.

Ajabu iliyo kubwa zaidi iko tumboni. Chatu mwenye njaa huyapumzisha matumbo yake, huyaacha yanywee ili yasile nguvu za bure. Akimeza windo kubwa, mwili wote huamka. Uchunguzi uliofanywa kwa ndugu yake, chatu wa Burma, umeonyesha kwamba katika siku mbili au tatu moyo huweza kuongezeka ukubwa kwa kiasi cha asilimia 40, na uzito wa utumbo mwembamba hukaribia kuwa mara mbili. Kazi ikiisha, vyote hurudi vilivyokuwa. Ndiyo maana chatu aliyeshiba vizuri huweza kukaa miezi bila ya kula tena. Mfugaji na azingatie hapo: mwizi huyu haji kila usiku. Fisi, kicheche na mwanadamu humpokonya mfugaji mara nyingi zaidi, na wa mwisho kati ya hao hatambai.

Tungependa kuzungumza kwa kirefu zaidi juu ya chatu jike, kwa sababu humo ndimo lilimo kosa kubwa linalofanywa na wauaji wake.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nyoka hutaga akaenda zake. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Graham Alexander, aliwafuatilia chatu wa Afrika ya Kusini kwa miaka saba akitumia vyombo vya redio, na mwaka 2018 akatangaza aliyoyaona. Jike hutafuta shimo lililoachwa na muhanga. Hubadilika rangi, akawa karibu mweusi, na weusi huo humsaidia kunywa joto la jua. Akishataga mayai yake, ambayo kwa kawaida huwa makumi kadhaa, huyazungushia mwili. Kila siku hutoka mpaka mlangoni mwa shimo, akalala juani hadi mwili wake ukafikia karibu nyuzi 40 za joto, yaani joto ambalo likizidi kidogo tu litamwua mwenyewe. Kisha hurudi ndani kuyapasha mayai yale. Hufanya hivyo kwa miezi mitatu hivi. Katika msimu mzima wa uzazi, kwa muda wa miezi sita, huwa hali kitu, na huweza kupoteza hadi asilimia 40 ya uzito wake. Watoto wakishaanguliwa hukaa nao kiasi cha majuma mawili zaidi. Mchana huota jua mlangoni, na usiku hujikunja katikati ya mwili wa mama yao kupata joto. Jike aliyekonda hivyo hana nguvu ya kuzaa tena mwaka unaofuata, na wengine hufa kwa udhaifu.

Sasa na tuulize: katika chatu wote wa msitu, ni yupi aliye rahisi kuuawa? Si dume lililo majini, wala si kijana aliye juu ya mti. Ni jike huyu, mnyonge kwa njaa, mweusi juu ya udongo mwekundu, aliyelala mahali pale pale, saa ile ile, kila siku. Kijana mwenye panga anayemwua akajisifu kwamba ameangamiza joka moja, ameangamiza ukoo. Hana habari pia kwamba mayai yaliyobaki shimoni yatapoa na kuoza.

Hatusemi kwamba chatu ni mbuzi. Ana nguvu za kutisha, na mwenye kuzidharau hana akili. Mwaka 1979 huko Afrika ya Kusini mtoto mchungaji wa miaka 13 aliuawa na chatu wa mita nne u nusu, na habari hiyo iliandikwa na wataalamu waliokwenda kuichunguza. Mwaka 2013 watoto wawili waliuawa usingizini huko Kanada na chatu wa Afrika aliyetoroka katika nyumba yenye duka la wanyama. Huko hakutambaa kwa tumbo lake, alipelekwa na watu. Karibu yetu zaidi, mwezi wa Aprili 2009, mfanyakazi mmoja wa shamba pale Sabaki, jirani na Malindi, alimkanyaga chatu, akaviringwa na kuvutwa mpaka juu ya mti. Alipigana naye kwa saa nyingi, akamng'ata mkia, akamfunika kichwa kwa shati, akapata mwanya wa kupiga simu, na polisi pamoja na wanakijiji wakamwokoa. Mtu huyo alipona. Mikasa hii hukumbukwa miaka mingi kwa kuwa ni michache. Mbwa, nyuki na pikipiki huua watu wengi zaidi Tanga bila ya kusimuliwa mbele ya moto.

Basi tahadhari ziwepo, tena za kweli. Mtoto mdogo asitumwe peke yake kuchota maji penye matete alfajiri au jioni. Kichaka kilicho karibu na kisima kifyekwe. Banda la kuku na zizi la mbuzi liwe na mlango uliofika chini, kwa kuwa chatu mwenye unene wa mkono hupenya mahali ambapo mwenye nyumba hapadhanii. Mtu akishikwa, wenzake waanze kumfungua nyoka kutoka mkiani, wala wasimkate mapanga mwilini mwa mwenzao. Aliyeng'atwa aende hospitali. Sumu hakuna, lakini majeraha ya meno yale huoza yasipooshwa vizuri. Haya yafundishwe hasa Msomera, wilayani Handeni, ambako tangu mwaka 2022 zimehamia familia za wafugaji kutoka Ngorongoro pamoja na mifugo yao. Mfugaji aliyezoea nyika za juu zenye baridi ana haki ya kuelezwa na Serikali ni viumbe gani anaopakana nao katika vichaka vya joto.

Na faida yake je? Mkulima wa Handeni anamjua adui wake kwa jina: panya. Wataalamu wa kilimo wamekadiria kwamba panya humaliza kiasi cha asilimia 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka, na mwaka wa mlipuko shamba zima hufukuliwa mbegu kabla hazijaota. Chatu mchanga hula panya. Akikua huhamia kwa ndezi, pimbi, nguruwe wadogo, tumbili na ngedere, yaani orodha ile ile ambayo mkulima huikesha akiifukuza kwa madebe. Juu ya Korogwe, katika wilaya ya Lushoto, tauni iliingia mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka ishirini iliugua watu zaidi ya 7,000 na kuua mamia. Viroboto wa panya ndio waliouchukua ugonjwa huo. Hatudai kwamba chatu angeizuia tauni. Twadai tu kwamba nchi yenye panya wengi kiasi hicho haina ruhusa ya kuwaua wanaowala.

Lakini sababu hasa ya chatu kuuawa si mbuzi, ni uvumi. Inasemwa kwamba yupo chatu wa kufugwa anayetapika fedha, na kwamba tajiri fulani amemficha mmoja chumbani. Inasemwa kwamba mafuta yake yanaponya kila kitu, kuanzia baridi yabisi hadi kesi mahakamani. Wengine humwona jini, na wenye chuo watakumbusha kwamba hata fimbo ya Nabii Musa iligeuka joka kubwa. Ni kweli, lakini ule ulikuwa muujiza wa Mtume mbele ya Firauni, wala haikuwa amri kwetu ya kuchinja kila kitambaacho Korogwe. Kule Usukumani wacheza nyoka wa chama cha Bayeye wamekuwa kwa vizazi vingi wakicheza ngoma na chatu mabegani mbele ya watoto wao. Nyoka ni yule yule. Kilichotofautiana ni elimu ya watazamaji.

Hapo ndipo tunapofikia ile habari ya kwetu. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, mwenye madoa yaliyosongamana, ambaye hakupatikana mahali pengine popote duniani. Watu waliamini kwamba wachawi huwafuga chui na kuwatuma kudhuru majirani, na wanakijiji walitofautisha chui wa msitu na chui wenye wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipita kampeni kubwa ya kuwasaka wachawi pamoja na chui wao, na kwa miaka mingi baadaye wawindaji waliendelea kumwua mnyama huyo kama adui wa taifa. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu waliomtafuta hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba bado yuko. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kamera ya kipindi cha televisheni cha Marekani imemnasa chui Unguja, na mioyo ya wengi wetu ikadunda. Tangu hapo kimya. Ngozi yake iliyojazwa majani imo katika jumba la makumbusho. Mtoto wa skuli akitaka kumwona chui wa nchi yake huenda kutazama macho ya kioo.

Waliomwua chui hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na mbuzi waliopotea, watoto wa kuwalinda na hadithi waliyoiamini, na hakuna ofisa aliyekwenda kijijini kuwaeleza mnyama yule alikuwa nani. Handeni na Korogwe leo zina mbuzi hao hao, watoto hao hao na hadithi za namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba chatu bado yuko, na maofisa wapo, tena wana mishahara.

Sheria nazo hazikosekani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara imeifanya ngozi ya mnyama wa porini kuwa nyara ya Serikali, ambayo mtu hana ruhusa ya kuwa nayo bila ya kibali. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao nchi yetu imeutia sahihi, umemweka chatu katika orodha ya viumbe ambao biashara yao husimamiwa kwa vibali. Pamoja na hayo, ngozi hugeuzwa mikanda na mikoba, na mafuta huuzwa chupani gulioni mchana kweupe. Tunawataka wenzetu wa forodha na wa bandari, Unguja na Pemba, walitazame jambo hili kwa jicho kali, na wasizisahau zile bandari bubu ambamo mizigo ya usiku hushushwa. Mtalii anayenunua mkoba wa chatu mjini kwetu amelipia kifo kilichotokea vichakani Handeni.

Kwa upande wa bara, tangu mwaka 2011 zipo kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi kwa wananchi waliodhuriwa na wanyama wakali. Maofisa wanyamapori wa wilaya zote mbili wakae na wenyeviti wa vijiji, wawaeleze wazi nani anastahili, kwa mnyama gani na kwa muda gani, kwa kuwa mtu aliyepoteza mbuzi akazungushwa ofisini mwaka mzima hatatupigia simu mara ya pili, atachukua panga. Kila kata iwe na mtu mmoja anayejulikana, mwenye gunia imara, fimbo yenye kulabu na nauli, ambaye ataitwa kumhamisha chatu aliyeingia uani. Mabalozi wa mashina na walimu wa skuli za msingi wasaidie kulieneza jina lake.

Na kabla ya kiberiti kuwashwa msimu ujao, wenye mashamba wapite kwanza vichakani kwa kelele na fimbo, moto uwashwe upande mmoja tu na upande wa pili uachwe wazi ili viumbe watoke. Litakapoonekana shimo la muhanga lenye chatu mweusi mlangoni, lizungushiwe miiba, mbuzi wapelekwe malishoni upande mwingine, watoto wakatazwe kufika, na kipande hicho cha shamba kingoje miezi mitatu au minne kabla ya kulimwa.